Dakika Mbili za Otowabashi

Mama yake Chizuru alibaki kwenye kiti cha behewa la nne, amefungwa kitambaa cheupe, na mlango wa treni ulikuwa bado wazi.

Hapo ndipo penye kesi yote. Mlango ulikuwa wazi!

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, mvua ile ya siku nzima isiyonyesha vizuri wala isiyokatika. Chizuru Iwanaga, miaka hamsini na mmoja, kavaa nguo nyeusi za msiba, alitoka nyumbani asubuhi na boksi la mifupa ya mama yake mapajani. Siku ya arobaini na tisa tangu Bi Fusae afariki. Siku ya kuzika mifupa. Saa saba kamili mchana kaka yake Takanobu angekuwa makaburini na mkewe, na mtawa wa hekalu, na fundi wa mawe ambaye kazi yake ni kufungua kaburi la ukoo na kulifunga. Mtawa alikuwa na shughuli nyingine saa nane na nusu. Takanobu alikuwa na ndege ya jioni kurudi Sapporo. Kila kitu kimepangwa, kimebanwa kama meno.

"Kazi yako moja tu, Chizu," alimwambia kwenye simu usiku uliotangulia. "Mlete mama. Basi."

Moja tu. Sikia hiyo! Miaka tisa alikuwa akimgeuza mama kitandani kila baada ya saa tatu, akimlisha uji kijiko kwa kijiko, akimfuta, akitukanwa. Mwaka wa mwisho Bi Fusae alikuwa akimwita "wewe msichana wa kazi" na kumuuliza Takanobu anakuja lini. Takanobu alikuja mara mbili. Mara ya pili alikuja kuvaa suti nyeusi ya msiba.

Na hata baada ya mwili kuchomwa moto, kama desturi ya kwao, hata baada ya mifupa kuokotwa kwa vijiti na kutiwa kwenye chungu, Chizuru aliendelea kuamka saa tisa za usiku. Anasimama mbele ya boksi, mikono imeshatangulia mbele, tayari kugeuza mtu.

Sasa treni ya Hinode ikaingia Otowabashi. Stesheni hii kampuni nne za treni zinaishi humo kama wapangaji wasiosalimiana: Hinode ya kutoka vitongojini, Towa ya chini ya ardhi, Mitsuba, na Ariake. Kila mmoja na rangi yake, na geti lake, na kengele yake. Treni nyingine za Hinode zikifika hapo zinageuza na kurudi zilikotoka. Nyingine zinaendelea mbele, lakini zikiendelea si za Hinode tena. Dereva mwenye sare ya bluu anashuka, dereva wa Towa mwenye sare ya kijivu anapanda, wanapigiana saluti, na kuanzia hapo treni ni mali ya wengine. Dakika mbili zinatosha.

Chizuru alitakiwa kubadili kwenda Ariake. Kasinzia kidogo, kashtuka, kashika mkoba, kashika mwavuli, kashuka.

Hatua ya tatu jukwaani akahisi wepesi.

Akageuka. Akaliona boksi kupitia mlangoni, limetulia kwenye kiti, fundo la kitambaa juu kama masikio ya sungura. Mzee mmoja kando yake anasoma gazeti. Hatua tatu tu! Angerudi, angesema "samahani," angembeba. Dereva wa bluu akashuka na kibegi chake. Dereva wa kijivu akapanda. Saluti. Chizuru aliwaona wote wawili, hata aliona yule wa kijivu ana plasta kidoleni.

Na hakusogea.

Mabega yake yalikuwa yameshuka, mikono imening'inia, na mwilini mwake palikuwa na kimya ambacho hakuwa nacho tangu akiwa na miaka arobaini na mbili. Akasimama ndani ya kile kimya. Hakuwaza kitu. Angalau alivyojiambia baadaye, hakuwaza kitu.

Kengele ya muziki ikalia. Milango ikafunga. Ndipo akakimbia, akapiga kioo kwa kiganja, "Ngoja! Ngoja jamani!" na watu wakamtazama vile watu wa Otowabashi wanavyotazama, nusu sekunde, kisha kwenye simu zao. Treni ikaingia shimoni.

Dirisha la Hinode liko juu, karibu na duka la mikate. Juu yake imeandikwa VITU VILIVYOSAHAULIWA. Siyo vilivyopotea. Huku kitu hakipotei, kinasahauliwa. Ndani kulikuwa na kijana mwenye kibandiko cha jina, Nagumo, na nyuma yake msitu wa miavuli.

"Karibu dada. Mwavuli?"

"Hapana. Nimesahau kitu kwenye treni."

"Afadhali! Leo tangu asubuhi miavuli themanini na mmoja. Watu wanashuka mvua inanyesha na bado wanasahau mwavuli, sijui wanadhani nje kuna nini." Akavuta fomu. "Kitu gani?"

"Boksi. Limefungwa kitambaa cheupe."

"La keki?"

"Hapana. Kuna chungu ndani."

"Cha kupikia?"

Chizuru akafungua mdomo. Nyuma yake kulikuwa na foleni, mwanafunzi wa sekondari na mwanamume wa ofisini, wote wanasikiliza huku wakijifanya hawasikilizi.

"Ni cha... cha mama," akasema.

"Chungu cha mama," Nagumo akaandika vizuri kabisa. "Sawa. Saa ngapi?"

"Saa nne na dakika arobaini na kitu. Sikumbuki vizuri."

"Hapo ndipo tabu, dada. Saa nne na arobaini na tatu iliingia inayogeuza. Na arobaini na sita ikaingia inayoendelea chini, ya wenzetu wa Towa. Jukwaa moja, rangi moja." Akainua kalamu. "Ila tutajua sasa hivi. Uliona madereva wakibadilishana? Wale wakipigiana saluti?"

Swali dogo. Kijana wa watu hakuwa na nia yoyote, anatafuta treni tu.

Lakini Chizuru aliona linakoelekea. Maana madereva hubadilishana mwishoni, treni imesimama, abiria wa kushuka wote wameshashuka. Ukisema uliwaona, umesema ulikuwa umesimama pale. Unatazama nini? Na kama unatazama, na mlango uko wazi, na mama yako yuko ndani...

"Sikuona," akasema. "Nilishuka nikaenda moja kwa moja."

"Basi ni ile inayogeuza. Yetu hiyo." Nagumo akachangamka, akashika simu ya mezani. "Inafika Kazeoka saa tano na arobaini. Nitawaambia wapande wakague behewa kwa behewa. Ukae pale dada, kuna benchi."

Angesema pale pale. Alijua. Alikaa kwenye benchi la plastiki na tasbihi yake ya msiba mkononi, akijiambia labda kweli ilikuwa ile inayogeuza, labda zile saluti aliziona siku nyingine. Mtu akitaka kujidanganya hakosi mahali pa kuanzia.

Saa tano na nusu simu ikatetemeka.

"Uko wapi?" Takanobu. Nyuma yake mvua inapiga mwavuli. "Sisi tumeshafika mapema. Fundi anaanza kutoa jiwe."

"Niko Otowabashi, kaka. Treni imechelewa."

"Ipi?"

"Ya... ya Hinode."

Sauti ya kaka ikarudi taratibu, na hapo ndipo alipokuwa mbaya zaidi, akienda taratibu.

"Nina simu mkononi hapa, Chizu. Hinode wameandika safari zote ni za kawaida. Treni ikichelewa dakika tano tu wanatoa cheti. Basi utaniletea cheti cha kuchelewa, au siyo? Kile kikaratasi. Nitakiweka kaburini pamoja na mama."

"Kaka..."

"Hata siku ya kuzikwa kwake! Miaka yote mama alikuwa akiniambia, huyu mtoto ukimtuma chumvi anarudi kesho. Mimi nikawa namtetea."

Mkewe alisikika nyuma akisema, "Mwache bwana, atakuja," na simu ikakatika.

Chizuru akabaki anatazama kioo cha simu. Chumvi. Ni nani aliyekuwa akinunua chumvi nyumba ile kwa miaka tisa?

Saa tano na arobaini na nne Nagumo akamwita. Uso wake haukuwa na ucheshi tena.

"Dada, samahani sana. Wamekagua mabehewa yote manane. Kuna glovu moja na mfuko wa viazi. Hakuna boksi. Una uhakika hukuwaona madereva? Fikiria vizuri. Maana kama ilikuwa ile nyingine, mimi huku sina mkono. Mfumo wetu hauoni wao, wao hawaoni wetu. Itabidi uende kwa Towa mwenyewe."

"Towa wako wapi?"

"Shuka ghorofa tatu, fuata mstari wa kijani. Mstari ukiisha, uliza."

Mstari uliisha mbele ya duka la soksi. Chizuru akauliza mlinzi. Mlinzi akainama kwa heshima zote akasema yeye ni wa Mitsuba, hawezi kusema kwa niaba ya Towa, lakini aende Geti la Kusini. Alipofika Geti la Kusini likawa Geti la Kusini la Ariake. Kila kampuni ina kusini yake! Akapanda, akashuka, viatu vya msiba vinamkata kisigino, umati unamjia uso kwa uso na miavuli inayochuruzika. Mara mbili akajikuta amekunja mikono kifuani, amekumbatia hewa.

Saa sita na dakika tano akalipata dirisha. Mama mmoja wa makamo, nywele fupi, miwani imening'inia shingoni. Kibandiko: Hatori.

"Shikamoo... samahani," Chizuru akasema, pumzi hana. "Nimetoka kwa Hinode. Boksi, kitambaa cheupe."

"Pumua kwanza, mdogo wangu. Haliendi popote zaidi ya mwisho wa reli." Bi Hatori akabofya mashine yake. "Kijana wa juu amenipigia simu kuniuliza dakika hii. Aliniambia kaandika 'chungu cha mama.'"

"Siyo chungu cha mama," Chizuru akasema. "Ni mama."

Bi Hatori akavaa miwani. Akatazama zile nguo nyeusi, akatazama ile tasbihi. Hakusema pole, alisogeza tu kiti mbele kidogo akashusha sauti.

"Ilikuwa ya saa nne na arobaini na sita?"

"Ndiyo."

"Unajuaje?"

"Niliwaona madereva wakibadilishana. Wa kwenu alikuwa na plasta kidoleni."

"Uliwaona kutoka wapi?"

"Jukwaani."

"Mlango ulikuwa wazi?"

"Ndiyo."

Kalamu ikasimama. Pale dirishani kioo kilikuwa na tundu dogo la kuongelea, na kupitia lile tundu Chizuru aliweza kunusa chai ya Bi Hatori.

"Mdogo wangu," yule mama akasema, "nina miaka ishirini na miwili hapa. Mifupa inaletwa, wewe si wa kwanza. Fomu yangu ina nafasi mbili. Kuna kusahau, na kuna kuacha. Ya kusahau ni kazi yangu. Ya kuacha ni ya polisi. Wanaoacha huwa hawaji dirishani. Wewe umekuja. Kwa hiyo nitaandika kusahau, usiniongezee neno lingine."

Chizuru akainamisha kichwa kukubali.

Bi Hatori akapiga simu. Treni ile, baada ya Towa, ilishaingia kwenye reli ya Mitsuba huko mashariki, ikafika mwisho wake, Numazaki, saa tano na dakika ishirini. Chizuru alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. "Ndiyo, cheupe. Limefungwa fundo juu. Limepatikana? Oo, afadhali. Eh? Lini? Sasa hivi? Dakika tano zilizopita?" Akaandika kitu pembeni mwa fomu. "Hapana, hapana, si kosa lenu. Utaratibu ni huo huo."

Akaweka simu chini kwa mikono miwili.

"Mzee mmoja alilikabidhi. Alikaa nalo mpaka mwisho wa safari, alidhani mwenyewe kaenda chooni." Akavua miwani. "Jumamosi ofisi ya Numazaki inafunga saa sita. Mifupa hailazwi kwenye kabati pamoja na miavuli, ni mwiko. Kwa hiyo wameipeleka polisi. Ndani waliona kibali cha mazishi, jina ni Iwanaga Fusae. Ndiye?"

"Ndiye. Basi naenda polisi. Sasa hivi. Naweza kufika saa ngapi?"

"Kufika utafika. Kupewa ni Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi. Dirisha lao la vitu vilivyookotwa halifunguliwi wikendi. Nimejaribu kabla yako kwa watu wengine. Hawafungui."

"Jumatatu."

"Ungekuja kwangu saa nne na dakika hamsini, ningemwambia mtu aipokee pale mwisho wa reli na kuirudisha kwa treni inayofuata. Saa sita ungekuwa naye mkononi." Alilisema bila lawama, kama mtu anayesoma ratiba. Kisha akaona uso wa Chizuru, akajuta. "Basi, tuseme hivyo tu. Tuseme stesheni ni kubwa."

Chizuru alitoka pale akasimama kando ya mashine ya vinywaji, watu wakampita kama maji yanavyopita nguzo. Mama yake yuko polisi ya Numazaki. Leo usiku, kesho usiku. Kwenye rafu, na namba. Hakuna wa kumgeuza. Wazo hilo la mwisho likamchoma, maana lilikuwa la kipumbavu na lilikuwa la kweli.

Saa sita na dakika ishirini. Angeweza kumwambia Takanobu kaibiwa. Angeweza kusema alizimia. Uongo ulikuja mwingi, umejipanga foleni vizuri kama abiria. Ule mmoja wa asubuhi, wa dirishani kwa Nagumo, ulikuwa umeshamlia saa nzima na siku ya mazishi.

Akapiga.

"Kaka. Treni haikuchelewa."

"Najua haikuchelewa. Uko wapi? Mtawa ameshavaa."

"Mama alibaki kwenye treni. Yuko polisi Numazaki. Hawatoi mpaka Jumatatu."

"Umemsahau mama kwenye treni."

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Bi Hatori alikuwa ameshaandika hivyo kwenye karatasi, kwa wino. Neno lilikuwa pale, limepigwa pasi, anayetaka alivae.

"Sikusahau," Chizuru akasema. "Nilishuka, nikageuka, nikamwona. Treni ilisimama dakika mbili. Mlango ulikuwa wazi."

"Sielewi. Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Na mlango wazi?"

"Wazi."

"Kwa hiyo ulikuwa unafanya nini hizo dakika mbili, Chizu? Niambie. Nina mtawa hapa, nina fundi kafungua kaburi mvua inaingia ndani, mke wangu ameagiza chakula cha watu sita. Nitawaambia nini? Ulikuwa unafanya nini?"

Chizuru alifikiri. Alitaka kumpa jibu la haki, siyo la kujitetea. Alirudi pale jukwaani, kwenye ile hatua ya tatu, mikono imening'inia.

"Nilikuwa napumzika, kaka."

Takanobu hakukata simu. Alisikika akiishusha, pengine mpaka kwenye paja, na sauti za kule zikawa za mbali. Mkewe aliuliza, "Amesemaje?" Mtawa alikohoa. Baada ya muda fundi akauliza kwa adabu, je, afunge?

"Funga," Takanobu akasema.

Chizuru alibana simu sikioni kwa mikono miwili, kati ya kengele za kampuni nne, akasikiliza mawe yakisuguana mpaka yalipokutana.